"Haikuwa hivyo": maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu michezo yetu ya kumbukumbu

Sisi ni kikundi kidogo cha waigizaji wa Mombasa. Tunaigiza uani, barazani na kwenye majumba ya jamii, leo kisiwani, kesho Kisauni, Likoni au Changamwe. Ukumbi wetu wenyewe hatuna. Visa tunavyoigiza ni vya wenye mtaa, na wanaotusahihisha ni wao. Tumeandika haya kwa sababu maswali ni yaleyale, na mwenzetu anayepokea simu ameomba apumzike.

Huu ni mchezo kweli, au ni mkutano mliouvika kanzu ya mchezo?

Ni mchezo. Una wahusika, una vichekesho, na una maiti ambaye huamka tukitaka kurudia pale alipofia. Tofauti ni kwamba hadhira haiji kupiga makofi na kwenda zake. Tunaigiza kisa kifupi, dakika kumi au kumi na tano, kisha tunauliza: "Ndivyo ilivyokuwa?" Mtu akisema "haikuwa hivyo", tunamwomba atuonyeshe. Anaweza kusema akiwa ameketi, anaweza kumwelekeza mwigizaji, au ainuke aigize mwenyewe. Wengi huapa kwamba hawatainuka, na robo saa baadaye wako katikati ya mkeka wanatupangia kila kitu.

Mkutano una ajenda na mgeni rasmi. Kwetu mgeni rasmi akija huvua viatu akaketi na wenzake.

Kwa nini mmelishikilia hili suala la "kwenu wapi"?

Kwa sababu hakuna mtu wa Mombasa asiyewahi kuulizwa. Utaulizwa na mwenye nyumba kabla hajakuonyesha chumba. Utaulizwa na mama mkwe. Utaulizwa na dereva wa tuktuk aliyesikia lafudhi yako tu. Mara nyingine ni ukarimu, mtu anatafuta kama mna udugu. Mara nyingine muulizaji ameshajijibu, anataka tu usikie.

Na hakuna mwenye jibu jepesi, hata wenyeji wa wenyeji. Waswahili wa mji huu hujihesabu kwa Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili: Taifa Tatu ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa ndani yake wamo Wapate, Washaka na Wabajuni, majina yanayokurudisha kaskazini kando ya bahari. Ukivuka kwenda Kisauni unafika Kengeleni, na kengele yenyewe ingalipo. Ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari miaka ya 1870 kwa watu waliotolewa utumwani. Wajukuu wa watu wale ukiwauliza kwao wapi, watakuonyesha hapohapo waliposimama, maana kokote nyuma ya hapo babu zao walinyang'anywa. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1896 ikaleta mafundi na vibarua kutoka Bara Hindi, kisha bandari ikawaita watu wa bara. Ukanda wa pwani wa maili 10 Waingereza walikuwa wakiutawala tangu 1895 kwa jina la Sultani wa Zanzibar, hadi 1963. Kwa hivyo tuna wazee waliozaliwa chini ya bendera nyekundu ya Sultani, na wanaishi mtaa uleule hadi leo.

Halafu kuna wale ambao kwao swali hili lilikuwa la kitambulisho. Wamakonde, wengi wao wa upande wa Kwale, walizaa na kuzikana hapa vizazi kadhaa kabla ya kutambuliwa na serikali kuwa kabila la Kenya mwaka 2017. Wapemba walingoja hadi 2023. Na Mswahili au Mwarabu wa Mji wa Kale anajua maana ya kupigwa msasa: kuketi mbele ya wazee na maafisa, ukiwa na cheti chako cha kuzaliwa mkononi, ukaombwa na cha babu.

Haya yote hatuyahubiri jukwaani, yangekuwa somo la darasani. Tunangoja yajitokeze kwenye kitu kidogo: foleni, bahasha, picha ya pasipoti ambayo mtu alijifunga kilemba ikakataliwa.

Mbinu hii si ya kizungu?

Nusu. Jina linalotajwa zaidi ni la Augusto Boal wa Brazil. Alifukuzwa kwao na utawala wa kijeshi, na mwaka 1973 akawa anafanya kazi Peru katika mradi wa kuwafundisha watu kusoma na kuandika. Anasimulia kwamba mwanamke mmoja alikuwa akieleza mhusika afanye nini, na kila waigizaji wakijaribu, mama akawa anasema sivyo. Mwisho Boal akamwambia apande mwenyewe. Miaka miwili baadaye, katika jimbo la New York, Jonathan Fox na Jo Salas wakaanzisha namna nyingine: mtu wa hadhira anasimulia kisa chake, na waigizaji wanakiigiza papo hapo bila mazoezi. Tunaazima kwa wote.

Lakini hatukungoja watu wa ng'ambo. Mwaka 1977 pale Kamiriithu, Limuru, wanakijiji waliigiza mchezo wa Kikuyu uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wazee wakawa wanawakatiza watunzi: mzee hazungumzi hivi, neno hili si lake. Serikali ikaondoa kibali mwaka huohuo, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Tanzania nako, Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakatunga ngoma na maigizo pamoja na wanakijiji kutokana na shida zao wenyewe.

Na hapa Mombasa? Waulize bibi zako lelemama, ile ngoma ya wanawake, ilikuwa nini. Vilikuwa vyama vyenye vyeo, sare na mahasimu. Kimoja kilijiita Ibinaal Watan, wana wa nchi, kikishindana na Banu Saada. Wanaume nao walikuwa na beni zao, Kingi na Skochi, wamevaa kijeshi na kupuliza tarumbeta. Ukimdhihaki jirani kwa wimbo, wiki ijayo anakujibu kwa wimbo, na mtaa mzima unajua nani ni nani. Kujua wewe ni wa nani kwa kuigiza mbele ya wenzako ni kazi ya zamani hapa. Sisi tumeongeza mkeka.

Sijawahi kuigiza. Naruhusiwa?

Wewe ndiye tunayemtafuta. Waliowahi kuigiza sana hutusumbua, wanapenda kulia.

Hadithi mnazipata vipi?

Kwa kuketi. Tunakwenda mara tatu au nne kabla ya kuuliza lolote la maana. Mara ya kwanza ni kusalimu na kunywa kahawa. Ukienda na daftari siku ya kwanza, utapewa historia ya mji kama ilivyo vitabuni, tena kwa sauti ya mwalimu. Ukimwambia mtu "tusimulie maisha yako", atakunyima bila hata kujua kwamba amekunyima: atakupa miaka na majina ya wakubwa.

Tumejifunza kuuliza vitu. Maji mlikuwa mkichota wapi? Nani alikuwa na redio ya kwanza hapa, na aliiweka dirisha lipi? Harusini ulikuwa ukikaa na kina nani jikoni? Hili la mwisho limetupa kuliko yote, kwa sababu jikoni kwenye harusi kila mtu anajua mahali pake: nani anakuna nazi, nani anaonja pilau, nani ameitwa dakika ya mwisho kuosha masufuria, na nani hakuitwa kabisa ingawa kuta za nyumba zimegusana.

Tukishapata visa vitano au sita, tunakaa wenyewe kuchagua. Kisa chenye shujaa tunakiacha. Tunachukua kile ambacho msimuliaji mwenyewe alisita mahali fulani.

Hebu toeni mfano wa siku moja.

Tulikuwa na kisa cha daraja la zamani la Nyali, lile lililokuwa likielea majini kabla ya hili la sasa la mwaka 1980. Mzee mmoja alitusimulia jinsi alivyokuwa akivuka na mama yake, yeye mdogo, amemshika baibui, mama amebeba kapu. Tukalifanyia mazoezi vizuri. Tukajaza kapu mchicha, ndimu na mkungu mdogo wa ndizi, kwa sababu tuliona ni mama anayetoka sokoni. Binti yetu mmoja akawa mama, kijana akawa mtoto, wakatembea juu ya mkeka wakizungumza.

Hawakufika katikati. Mzee akainua bakora.

"Hebu ngojani. Haikuwa hivyo. Mwaenda kama muko barabarani!"

Akainuka, akavua kofia akampa jirani yake, akachukua kapu. Akatuonyesha: lile daraja hupanda maji yakijaa na kushuka yakipwa, na pale linaposhikana na nchi kavu huwa na mteremko. Siku za bamvua, maji yakipwa, mteremko unakuwa mkali, na mwanamke mwenye mzigo huteremka ubavuubavu, mguu mmoja ukiutangulia mwingine, kama kaa. Akateremka vile pale mkekani, mzee wa miaka mingi, kapu kiunoni. Mama mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Na kidole gumba, ami! Ulikuwa ukikaza kidole gumba, champali isikutoke!" Watu wakacheka, wawili watatu wakajaribu pale walipoketi.

Tulidhani sahihisho ndilo hilo. Mzee akasimama, akatazama ndani ya kapu, akaanza kutoa vitu. Mchicha, chini. Ndimu, chini. Mkungu wa ndizi akampa mtoto aliyekuwa karibu.

"Lilikuwa tupu," akasema. "Mamangu hakuwa akienda sokoni. Alikuwa akienda kufua nguo za watu Nyali. Kapu alilichukua majirani wasijue. Tupu kwenda, tupu kurudi."

Hakuna aliyepiga makofi. Binti yetu akaomba kapu, akaanza upya kutoka mwanzo wa mkeka, ubavuubavu, na safari hii alikuwa akilibeba kapu tupu kwa uzito wa kapu lililojaa. Hilo la kulifanya lionekane zito halikusemwa na mtu. Kutoka hapo wanawake watatu wakasimulia vyao, kimojakimoja, na jioni ile hatukuhitaji kuuliza swali jingine.

Tungeandika kisa kile mezani, mama angekuwa anatoka sokoni hadi leo.

Wakibishana je? Nani mwenye haki?

Hatuamui. Kuna mtaa walibishana kuhusu mkunazi: upande mmoja walisema ulikatwa makusudi na mwenye shamba ili watu wasikae kivulini, upande mwingine walisema ulianguka kwa upepo wa kusi. Tuliigiza yote mawili, moja baada ya jingine, waigizaji walewale. Kura hatupigi. Lakini kama mabishano ni ya tarehe au ya jambo lililoandikwa, tunakwenda kutafuta na kurudi na jibu, kwa sababu kumbukumbu kuwa ya mtu si ruhusa ya kuzua.

Mnagusa mambo ya Likoni ya 1997?

Tunagusa, kwa masharti, na masharti tuliyapata kwa makosa yetu.

Wasiojua: Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, kisha watu wa bara wakashambuliwa na kufukuzwa majumbani. Watu wengi waliuawa, maelfu wakahama. Vijana wengi wa pwani nao walikamatwa na kuteswa katika msako uliofuata. Pande zote mbili wako watu wanaopanda feri moja kila asubuhi na hawajawahi kuzungumza juu ya siku zile.

Mara ya kwanza tulipoigiza kisa cha familia iliyokimbia usiku, hatukumwonya mtu. Tulitaka "kugusa nyoyo". Mwigizaji akagonga mlango wa bati kwa rungu, kishindo cha kweli. Mama aliyeketi mbele aliinuka akatoka, kanga imeanguka njiani, hakurudi kuichukua. Tulimpelekea kesho yake. Alitukaribisha chai, akazungumza nasi habari za mvua. Tulistahili.

Tangu siku ile: tunasema mwanzoni kisa kinahusu nini, mlango huwa wazi nyuma, yuko mtu wetu asiyeigiza ambaye kazi yake ni kumfuata anayetoka, na kishindo hatuigizi. Anayepiga anaonyeshwa kwa mgongo tu. Pia hatumwombi aliyeumizwa aigize kuumizwa kwake, wala hatumruhusu mtu ainuke kucheza adui kwa mzaha. Mara nyingi tunachoigiza ni yaliyofuata: jirani aliyeficha magodoro ya mwenzake miezi minane, na aibu ya siku ya kuyarudisha.

Hadithi yangu mkishaichukua, ni ya nani?

Yako. Tunabadilisha jina, mtaa na kazi ukitaka. Unaiona kabla ya watu wengine kuiona, na unaweza kuikataa hata asubuhi ya onyesho. Imetokea, tukaigiza nyingine. Haturekodi video bila ruhusa ya kila anayeonekana, na kwa watoto tunataka ruhusa ya mzazi au mlezi, jambo ambalo pia limo katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kurekodi kwa simu ndiyo taabu yetu kubwa. Tunaomba, tunasihi, tunaweka kikapu mlangoni. Vijana wengine hukubali.

Kiswahili gani mnatumia?

Cha aliyesimulia. Akisema ndia hatusemi njia, akisema mato hatusemi macho. Bibi wa Kigiriama aliyesimulia kisa nusu Kigiriama anaigizwa nusu Kigiriama, na kama kuna asiyeelewa ataulizia jirani yake, ambalo si jambo baya. Changamwe vijana wametuletea Sheng mpaka wazee wakaomba tafsiri, wakatafsiriwa na wajukuu wao wenyewe. Mtu akisahihishwa lugha mbele ya watu hanyanyui mdomo tena.

Wanawake na wanaume pamoja? Na dini je?

Inategemea mtaa, na mwenye kuamua ni mtaa. Kuna mahali tunafanya mbili: alasiri kina mama peke yao, uani, kisha baada ya Isha mchanganyiko. Ile ya kina mama ndiyo yenye vicheko na ndiyo yenye siri. Zinazosimuliwa mle haziendi kwenye ile ya usiku bila idhini. Adhana ikiadhiniwa tunasimama. Ramadhani hatuigizi, tunakusanya tu, baada ya tarawehe, na hakuna msimu mzuri zaidi wa kukusanya.

Ruhusa za serikali?

Ukikusanya watu mahali pa wazi, sheria inataka umpe taarifa OCS, yaani mkuu wa kituo chenu cha polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Mjulishe chifu na mzee wa nyumba kumi, hata kama ni uani. Ukitaka Ngome ya Yesu au sehemu zake, zungumza mapema na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ndio wenye dhamana, na usipange kupigilia hata msumari mmoja: ngome ile imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011.

Inagharimu?

Mikeka, spika moja ndogo, nauli, chai na mahamri. Hadithi hatuinunui, kwa sababu ukishaanza kulipa unaletewa hadithi za kuuzwa. Lakini aliyepoteza siku ya kazi kwa ajili yetu tunamfidia.

Wafadhili tunawapokea, ila si kwa kila sharti. Mmoja alitaka kila onyesho liishie kwa watu wa bara na pwani kushikana mikono. Tulijaribu mara moja. Hadhira walicheka hadi waigizaji nao wakacheka, mikono ingali imeshikana.

Nataka kuleta kisa changu. Nianzie wapi?

Usiandike. Tazama nyumbani kitu kimoja ambacho hakifanyi kazi tena na hakuna anayethubutu kukitupa. Tumeletewa mbuzi ya kukunia nazi iliyolika meno, tumeletewa stakabadhi ya kodi ya nyumba iliyobomolewa, tumeletewa kitasa bila mlango. Njoo nacho Jumamosi baada ya alasiri. Tutakuuliza nani alikuwa akikishika, na kwa mkono upi. Kitu chenyewe utarudi nacho.